Dirisha la Upande wa Bahari

Trondheim, 12 Novemba 1994

Dada Torgunn,

Usilitupe hilo sanduku kabla hujaisoma barua hii. Nakufahamu.

Ndani kuna taa. Si ya kusomea wala ya kupambia sebule, ni ya kutibia. Daktari wangu huwapa watu ambao jua likiondoka na wao huondoka nalo, na katika hao wewe ndiye wa kwanza. Mwaka jana jua lilipozama huko kaskazini kwa miezi yake miwili ulipanda kitandani, hukushuka mpaka liliporudi, na wakati ule mumeo Arvid alikuwepo kukupikia uji na kukuchana nywele. Mwaka huu hayupo. Bahari ilimchukua mwezi Machi na mpaka leo haijamrudisha. Mimi niko mbali, na simu umeichomoa ukutani kwa sababu hutaki kuisikia ikilia. Ukifa humo ndani, nani atajua?

Kwa hiyo sikiliza. Ukiamka tu, kabla ya kufanya jambo lolote, keti mbele ya taa kwa nusu saa. Iwe karibu, urefu wa mkono. Usiikodolee macho, iweke kando kidogo, mwanga ukupige ubavuni mwa uso. Unaweza kunywa kahawa, unaweza kufuma, unaweza kunitukana. Ila ni asubuhi tu. Jioni usiiguse kabisa, utakesha kama popo na akili itaanza kukimbia.

Nilinunua mbili, yako na yangu, basi usianze habari za kunirudishia.

Mdogo wako,
Ragnfrid


Skarvnes, 21 Novemba 1994

Mdogo wangu mtoa amri,

Sanduku limefika na meli ya posta, na Skarvnes nzima ilikwisha jua kabla yangu. Nililifungua kwa sababu tu nilihitaji kamba yake.

Taa nimeiweka kwenye meza ya jikoni. Kahawa iko huko, na mtu aliyeketishwa nusu saa bila kahawa hatibiwi, amefungwa. Siku ya kwanza niliona mikono yangu vizuri, nikasikitika. Siku ya pili niliona sakafu, nikasikitika zaidi. Siku ya tatu nimeipiga deki. Haya, furahi.

Petrine wa nyumba ya jirani hakufurahi. Aliingia bila kubisha, akasimama mlangoni na kiganja juu ya macho, akaniuliza kama nimesahau au nafanya makusudi. Unakumbuka tulivyolelewa. Miezi ya giza kila nyumba huku huacha taa dirishani wala hakuna anayefunga pazia, ila nyumba ambayo bahari haijamrudisha mtu wake. Hiyo hulizima dirisha la upande wa bahari mpaka jua lirudi. Na meza yangu iko dirishani hapohapo. Nikamwambia hii ni dawa. Akasema, "Yeye aliye huko nje hajui kama ni dawa. Anachoona ni kwamba nyumbani kwake kunawaka."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jambo jingine, nalo usilifanye kubwa. Nikiwasha taa asubuhi, kunawaka taa nyingine ng'ambo, kule Langholmen. Nyeupe vilevile. Nikizima, nayo inazimika. Nimejiambia labda kuna wawindaji wamelala kule, lakini tangu serikali ituhamishe sote kule, mimi na wewe tukiwa wasichana, hakuna nguzo ya umeme iliyobaki kisiwani, na wawindaji gani huwasha na kuzima pamoja na mimi?

Kula vizuri. Barua yako ilikuwa na mwandiko wa mtu aliyelala.

Torgunn


Trondheim, 30 Novemba 1994

Dada,

Dirisha lako lina vioo viwili. Taa inajirudia katika kioo cha nje na wewe unaiona kama iko ng'ambo. Ndiyo hiyo tu. Mwambie Petrine awashughulikie wajukuu zake.

Nimefurahi umepiga deki. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika leo. Hapa tuko salama, maktabani hakuna watu wengi, wameniruhusu nianze kazi kwa kuchelewa kidogo. Ninalala, basi. Ninalala vizuri.

Niambie tu, hiyo taa unayoiona, inatoka nyumba ipi?

Ragnfrid


Skarvnes, 8 Desemba 1994

Ragnfrid,

Si kioo. Nililifunika dirisha kwa blanketi, taa ikabaki inawaka mezani, nikavaa buti na kushuka gatini. Ng'ambo kulikuwa kunawaka. Ulipouliza nyumba ipi niliudhika, maana ndilo swali nililokuwa nalikwepa. Ni kwetu. Ni jikoni kwa mama.

Nilichukua darubini ya Arvid. Unajua paa lile lilikwisha anguka, nyumba imebaki kuta. Lakini asubuhi, taa ikiwaka, dirisha liko mahali pake, lina fremu yake, na kuna mtu ameketi mezani. Uso wake uko upande, mwanga unampiga ubavuni. Anakaa kama ulivyoniagiza mimi nikae. Sioni kama ni mwanamume au mwanamke, mwanga ni mkali mno, unamla.

Petrine anasema ni Arvid. Anasema boti yake ilipatikana miambani mwa Langholmen, basi angekwenda wapi tena kujihifadhi kama si katika nyumba ya wakwe zake? Nilimwambia anyamaze. Lakini usiku huo niliyafikiria makasia ya ile boti, ambayo hayakupatikana kamwe.

Nitakwambia ukweli kwa sababu uko mbali huwezi kunipiga. Sikuwa nikiwasha asubuhi tu. Siku hizi nawasha na jioni, na yule mtu naye huja na kukaa jioni. Silali sana. Nimeoka mikate ya kulisha kijiji kizima, nimepaka rangi mlango. Sijawahi kuwa mzima hivi katikati ya giza, nami naogopa. Nikiwasha najua ninamwita. Nikizima najua ninamfukuza. Mume wangu, Ragnfrid. Nimfukuze?

Torgunn


Trondheim, 16 Desemba 1994

Dada yangu,

Naandika upesi kwa sababu leo nimeamka na sijui nitakaa macho kwa muda gani.

Nilikudanganya. Sikununua mbili. Taa hiyo ni yangu. Nimekuwa nayo miaka mitatu, ndiyo iliyokuwa ikiniamsha wakati wewe ukidhani ni mimi niliye mwenye nguvu katika familia. Nilidhani wewe una shida kuliko mimi, na mwaka mmoja ningeuvumilia. Kazini siendi tangu mwezi uliopita. Bi Aslaug wa ghorofa ya chini ananiletea supu, ninaikuta imepoa mlangoni.

Nalala asubuhi, nalala mchana. Na kila siku kuna saa moja tu ambayo ninakuwa macho, lakini si hapa. Ninakuwa jikoni kwa mama, Langholmen. Nimeketi mezani. Mbele yangu kuna mwanga, nami naugeuzia ubavu wa uso kama daktari alivyonifundisha. Ng'ambo kuna dirisha lako, na wewe umo ndani yake, unakunywa kahawa, unafuma. Kwanza nilidhani ni ndoto tu ya mtu aliyemkumbuka dada yake. Ulipoandika kwamba unaiona taa ng'ambo, niliogopa hata nikakuandikia ule upuuzi wa vioo.

Si Arvid unayemwona. Ni mimi.

Mwanga huo ndio nilionao. Ukiuwasha ninaamka kule, napata joto, nakumbuka jina langu. Ukizima kunakuwa giza, na jikoni kwa mama kuna baridi ambayo sijawahi kuisikia popote. Tafadhali usizime moja kwa moja. Sijui nitatokaje humo.

Natumaini posta ya Krismasi haitachelewa.

Ragnfrid


Skarvnes, 18 Desemba 1994

Mdogo wangu,

Nimezima. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla Petrine hajaitangaza kwa meli ya posta.

Jana asubuhi yule mtu aliinuka mezani. Hajawahi kuinuka. Alitoka nje, akateremka kwa njia yetu ya zamani, ile inayopita nyuma ya zizi, mpaka kwenye maji. Alisimama pale akiangalia huku. Kisha akaanza kuingia majini, polepole, kwa nguo zake. Darubini iliniponyoka. Petrine alikuwapo, aliona kwa macho yake, akasema anakuja, Torgunn, anakuja kwako, na ukimpokea hutabaki mtu.

Nikachomoa waya. Ng'ambo kukazimika pale pale, yeye bado yumo majini.

Tumetundika shuka nyeusi dirishani na taa nimeipeleka darini. Nimelia siku nzima. Lakini nimelala, Ragnfrid, nimelala usingizi wa mtoto. Nimeamka nikiwa na uzito wa kawaida wa mtu mwenye huzuni, si zaidi. Dawa yako ilinisaidia, wala sikulaumu. Ila sasa basi. Kufa amekufa, na mimi nimemkatalia.

Krismasi njema. Nimekutumia mikate, imekuwa migumu kidogo.

Torgunn


Skarvnes, 28 Desemba 1994

Ragnfrid, mdogo wangu,

Hii nampa Bi Aslaug akusomee sikioni. Ameniahidi kwamba ataisoma kila siku akija hapo hospitali.

Barua yako ya tarehe kumi na sita ilinifikia baada ya Krismasi. Niliisomea gatini, nimesimama, na sikumbuki nilivyofika nyumbani. Niliirudisha simu ukutani nikapiga kwako, ikalia mpaka ikajikata. Nikapiga tena. Ndipo nikapata namba ya Bi Aslaug, naye akapanda na ufunguo. Anasema ulikuwa umelala kwa ubavu, unapumua, una baridi kama kitu kilichotolewa kwenye theluji. Madaktari wanasema mwili hauna kasoro. Hauamki tu.

Uliponiona nikizima, ulikuwa majini. Ulikuwa unakuja kwangu, nami nilichomoa waya.

Nimeichana ile shuka. Taa iko mezani, inawaka mchana na usiku. Langholmen ni giza. Natazama kwa darubini hata macho yanatoka machozi, naona kuta tu, na theluji juu yake.

Nilifikiri nichukue taa nije nayo huko, niiweke kando ya kitanda chako. Meli ilikuwa gatini na mzigo wangu ulikuwa tayari. Petrine ndiye aliyenizuia. Alisema mwili wako una watu wa kuutazama, lakini wewe mwenyewe uko huku, gizani, na nikiondoa taa utashika njia ipi? Maneno hayo yalitoka kwa mtu yuleyule aliyenifanya nizime. Nilimtazama kwa chuki kwa muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo nilikwisha lifikiria: taa haichagui. Nikiiwasha ili uione wewe, ataiona yeyote aliye huko nje.

Nikamwambia na aione.

Jioni Petrine aliwasha taa katika dirisha lake la upande wa bahari, ambalo halijawashwa tangu mwanawe alipopotea, na hiyo ni zamani. Asubuhi nyumba ya pili yake nayo iliwasha.

Mwanga uko huku, Ragnfrid. Utazame. Inuka, ushuke kwa ile njia ya zizini. Safari hii sizimi.

Dada yako,
Torgunn


Trondheim, 6 Januari 1995

Dada,

Nimeamka. Bi Aslaug alikuwa katikati ya barua yako, akaendelea kusoma mpaka mwisho kabla hajaita muuguzi, anasema hakutaka kuikatiza. Nimekula viazi na samaki. Nisamehe mwandiko.

Nataka kukueleza nilivyotoka, maana msimu huu nilificha jambo moja na umeona lilikotufikisha.

Ulipozima nilirudi ufukweni kwa kupapasa. Jikoni kwa mama sikuuona hata mkono wangu. Sikulia, sikuogopa, nilikuwa nasahau tu. Nilisahau maktaba, nikasahau mji huu, karibu nikusahau wewe. Kisha nikaona mwanga wako, na baadaye mingine midogo pembeni yake. Nikashuka kwa njia ya zizini. Maji yalikuwa meusi na sikuthubutu kuingia tena.

Kulikuwa na boti. Aliyekuwa ndani alinipa mgongo. Nilipanda kwa sababu ilikuwa inaelekea kwako. Alipiga makasia kwa kuzunguka mwamba wa katikati kwa upande wa kaskazini, kama wanavyofanya watu wa Skarvnes peke yao, na bega lake la kushoto lilikuwa juu kuliko la kulia. Unajua ni nani aliyevunjika bega hilo likaunga vibaya.

Penye gati lako nilishuka. Niliona dirisha, nikakuona mezani umelalia mikono yako. Nikamwambia, "Shemeji, twende juu, kuna kahawa." Sikuweza kufikiria neno jingine la kumwambia mtu kama yeye.

Alisema, "Taa hainitoshi. Mpaka aniite kwa jina langu."

Nikapanda kwako peke yangu, na nilipoushika mlango nikaamka hapa.

Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, Torgunn, amechoka sana. Nadhani bado yuko pale chini. Sitakwambia la kufanya, nimechoka kutoa amri. Ila usishuke peke yako.

Ragnfrid


Skarvnes, 15 Januari 1995

Mdogo wangu,

Nilishuka peke yangu. Ungekuwa wewe ungekwenda na kundi la watu?

Barua yako niliisoma mara moja tu, nikavaa koti. Taa ilikuwa inawaka nyuma yangu, na kivuli changu kilinitangulia njia yote hadi majini. Boti ilikuwapo. Ni ileile iliyopatikana imevunjika mwaka jana, ambayo mbao zake nilizichoma mwenyewe kwenye jiko majira ya vuli kwa sababu sikutaka kuziona. Ilikuwa nzima. Naye alikuwa ameketi ndani, amenipa mgongo, amevaa sweta niliyomfumia. Theluji ilikuwa imemwangukia mabegani na haikuwa ikiyeyuka.

Nilikuwa karibu, ningenyoosha mkono ningemgusa. Sikumgusa.

Nilimweleza kwamba umeamka, kwamba umekula, kwamba madaktari wameshangaa. Nikamshukuru kwa kukuleta. Nikamwambia mlango nimeupaka rangi, na kwamba kitanda ni kipana mno. Nilizungumza naye kwa muda mrefu kuliko nilivyozungumza na mtu yeyote tangu aondoke, na sikumtaja jina. Alisikiliza. Mwishowe aligeuza uso kidogo, nikaliona shavu lake, kwa sababu nilikuwa nimevuta pumzi na jina lilikuwa tayari mdomoni.

Nililimeza. Sijui nililimezaje. Nilimwambia nenda, mpenzi wangu, nenda ukapumzike.

Alikaa kidogo, kana kwamba ananipa nafasi ya kubadili mawazo. Kisha akachukua makasia. Hakwenda upande wa Langholmen. Alikwenda moja kwa moja, nje, kwenye bahari kubwa, nami nilisikia makasia muda mrefu baada ya kuacha kuyaona.

Nilipanda nyumbani nikaizima taa. Petrine alinikuta asubuhi sakafuni, akachemsha kahawa.

Taa inakuja kwako kwa meli ya leo. Ni yako, ikae kwako. Mimi mwaka huu nimebakiza siku chache tu za giza, nitazimaliza kwa miguu yangu, na jua likirudi nitashuka kusini kukuona. Tutakaa mezani pamoja wewe na mimi, kila mtu ubavu wake.

Lakini nakuomba jambo moja, na hili ni la kweli. Tangu usiku ule silitamki jina lake. Simwambii Petrine, sijiambii mwenyewe, na ukitazama barua hii utaona sikuliandika. Nawe ukiniandikia usilitaje. Mara ya pili sitaweza kunyamaza.

Dada yako,
Torgunn